Koti la Bwana Mifugo

Makoti yalikuwa matatu, na Tryphena hakulipenda hata moja.

Mwinyihaji alikuwa ameyatundika barazani pa duka lake, pale Voi, nyuma ya stesheni ya gari la moshi. Chini yake kulikuwa na mafungu ya kafa ulaya, zile nguo kuukuu za Wazungu alizozifuata Mombasa kila mwezi. Koti la kwanza lilikuwa la ngozi nyeusi, zito, hata msumari uliolishika ulikuwa umeanza kuinama. La pili lilikuwa la mpira, la kuzuia mvua, na mvua yenyewe Voi ilikuwa habari ya kusikia kwa wageni. La tatu lilikuwa la turubai ya rangi ya vumbi, lenye bitana nene iliyojazwa pamba, mabega yake yametuna na viwiko vimefura.

Silvanus, mumewe, alikuwa bwana mifugo. Januari ile ya mwaka 1974, baada ya kusimama kwenye josho la ng'ombe miaka kumi na mmoja akihesabu mikia, serikali ilimpa pikipiki ya kwenda kuchanja ng'ombe kuanzia Mwatate mpaka Maktau. Pamoja na pikipiki alipewa kofia ngumu na barua. Barua ilisema koti la kinga kila mtu ajinunulie mwenyewe, na asiyelivaa asionekane juu ya pikipiki ya serikali.

"Hii ya ngozi ndiyo ya wanaume," Silvanus alisema, akiligusa kwa mbali.

"Hiyo utaivaa wewe ama itakuvaa?" Tryphena alimjibu. "Joto la hapa utaivia ndani."

"Na hii ya turubai?"

Tryphena alilishusha. Alikuwa fundi wa kushona, na nguo hakuiangalia kwa macho tu. Alivuta zipu mpaka shingoni, akapima upana wa kifua, akaibana bitana kwa vidole viwili. Yeye alizaliwa Mgange, juu milimani, ambako ukungu huondoka saa nne ukipenda, na ambako mtu akifa swali la kwanza ni kama alipigwa na upepo kifuani. Tangu pikipiki ilipokuja, jambo moja tu lilikuwa likimkosesha usingizi, nalo ni kifua cha mumewe wazi mbele ya upepo. Bitana ile ilimtuliza. Alitoka na koti mpaka nje kwenye mwanga, kutafuta kama turubai ilikuwa na tundu.

Huku nyuma Mwinyihaji alimshika Silvanus begani. "Bwana daktari, mke wako ana jicho. Hilo ndilo la kuchukua. Ukilivaa, jipapase hapa begani na hapa kiwikoni. Kumetiwa sponji ngumu, ya kumlinda mtu akianguka. Alilileta Mzungu mmoja aliyekuwa akishindana mbio. Ukianguka, Mungu aepushie mbali, utainuka ujipanguse vumbi."

"Sianguki mimi," Silvanus alisema, na wote wawili wakacheka.

Tryphena hayo hakuyasikia. Alirudi akasema koti ni zima, na shilingi arobaini zikatoka. Hivyo ndivyo walivyochagua koti la Mgange kwa safari za Maktau.

Kwa wiki tatu Silvanus alilivaa jinsi barua ilivyotaka. Asubuhi aliondoka mtanashati, zipu mpaka kidevuni, watoto wa jirani wakimkimbilia. Jioni alirudi shati limemganda mgongoni, midomo imepasuka, chumvi ya jasho imekauka kwapani. Alikunywa maji kopo baada ya kopo, akasema hajambo, akalala bila kula. Tryphena alikuwa akilianika lile koti ukutani, na hata asubuhi lilikuwa bado bichi ndani.

Siku moja Silvanus alishindwa kuisimamisha pikipiki. Aliiegemeza mtini, akaketi kwenye ngazi ya mlango na kofia yake magotini.

"Leo nimechanja ng'ombe hewa," alisema. "Niliona wawili, nikachoma mmoja, nikageuka kwa wa pili, hakuna. Mwenye ng'ombe ananiangalia tu."

Alicheka, kisha akatapika pale pale, maji matupu. Tryphena alimshika kichwa. Paji la uso lilikuwa la moto na mikono ya baridi.

"Baba Wakesho, livue hilo koti. Jifunge leso kifuani, itatosha."

"Si nililivua juzi? Nikalifunga kwa keria, huko nyuma. Nimefika Mwatate, bwana mkubwa wetu wa mifugo huyo hapo, anashuka kwa Landrova. Mbele ya watu, mama. Mbele ya wale niliokuwa nikiwaandikia josho. Ati nikionekana tena bila hiyo koti, pikipiki itapewa mwingine, na mimi nirudi kuhesabu mikia."

"Basi mwambie hilo koti linakuua."

"Nimwambie? Yeye amekaa kwa gari, dirisha limefunguliwa, upepo unampepea. Atanisikia?"

Tryphena alimvua koti, akalilaza barazani, akalichukia kama mtu anavyomchukia mgeni asiyetaka kuondoka. Mwenye kulichagua alikuwa yeye.

Jumapili Silvanus alibaki kanisani kwenye kikao cha wazee. Tryphena alitoa mkasi, akaketi kwenye kiti cha cherehani, akaligeuza koti nje ndani. Alikuwa amemwomba mumewe ruhusa ya kutoa bitana, naye alikubali kabla hajamaliza kusema. Alifumua taratibu, uzi kwa uzi, jinsi walivyofundishwa misheni, bila kuikata turubai. Bitana ilitoka yote kwa mara moja, nzito kwa jasho, inanuka chumvi na dawa ya ng'ombe. Aliliinua koti. Bado lilikuwa na uzito.

Akapapasa. Kwenye mabega kulikuwa na vipande viwili vya sponji ngumu, vimeshonewa ndani ya kitambaa, na kwenye viwiko vingine viwili. Tryphena alitikisa kichwa. Wazungu hawa waliogopa baridi mpaka kwenye viwiko! Kwao Mgange, chochote kilichoshindiliwa ndani ya nguo kilikuwa cha kuleta joto. Blanketi lilishindiliwa, sweta la bibi lilitiwa matambara begani, mtoto alifungwa pamba kifuani. Haikumjia hata kidogo kwamba kitu kinaweza kutiwa ndani ya nguo kwa sababu nyingine. Alifumua vipande vyote vinne, akafunga mishono upya kwa mkono, nadhifu, na mwishoni mwa kila mshono akarudisha sindano mara tatu kama kawaida yake.

Vile vipande hakuvitupa. Alivipanga viwili juu ya viwili, akavivisha kitambaa cha maua kilichobaki kwenye gauni la binti yao Wakesho, akapata kimto cha kukalia. Kiti cha cherehani kilikuwa kimemwumiza miaka mingi.

Jumatatu jioni Silvanus alirudi akipiga honi tangu kwenye reli.

"Mama Wakesho! Umenitilia upepo ndani!" Alizunguka mbele yake, mikono ameinyoosha. "Bwana mkubwa amenipita, ameona koti, ameitikia kwa kichwa. Na mimi ndani natembea na shati tu. Hata kiwiko kinakunja vizuri. Wewe ni fundi, wallahi, kama anavyosema Mwinyihaji."

Usiku huo alikula mara mbili. Kwa siku tisa Tryphena aliishi kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu arusi. Alishona akiimba. Jirani zake aliwaeleza habari ya lile koti, nao wakamsifu, na yeye akajifanya haya. Siku tisa, wala si kumi.

Siku ya kumi digidigi alikata barabara karibu na Maktau, mahali penye mchanga mwingi. Silvanus alifunga breki. Lori la mkonge ndilo lililomwokota na kumfikisha hospitali, na turniboi, msaidizi wa dereva, akaja mbio kumwita Tryphena. Hakuuliza mengi. Alishika shuka, flaski, na kimto kile cha maua, kwa sababu aliambiwa ni mkono, na mkono ulioumia hutaka pa kulala.

Kofia ilikuwa imekwaruzwa tu. Kichwa kilikuwa kizima, miguu mizima, kifua, kile kifua alichokihangaikia, hakikuwa na alama. Mkono wa kulia ndio uliokuwa umeharibika. Tryphena aliuweka juu ya kimto, polepole, na Silvanus akavuta pumzi, akafumba macho.

"Hapo," alisema. "Hapo ni pazuri. Usiutoe."

Daktari alikuja na lile koti mkononi, kiwiko kimechanika na turubai imeshikana na damu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole.

"Mama, sitakuficha. Mfupa wa kiwiko umesagika. Tutaufunga plasta, lakini hautakunja tena kama zamani. Kushika usukani wa pikipiki, hapana." Alilitazama koti, akaingiza vidole ndani ya mkono uliochanika. "Nashangaa, mabega haya yalitengenezwa ya kubeba sponji. Makoti ya namna hii huwa na sponji kiwikoni na begani, za kumkinga mtu akianguka. Angekuwa nazo, labda sasa tungekuwa tunapaka dawa ya mchubuko. Hili walimuuzia tupu."

Tryphena alikiangalia kimto. Kimto nacho kilikuwa pale, na maua yake mekundu, na mkono wa mumewe juu yake. Daktari aliendelea kusema, na yeye aliona midomo yake tu.

"Mama? Umesikia?"

"Nimesikia," alisema.

Alikusudia kumwambia Silvanus siku ile ile, lakini maumivu yalikuwa makali. Siku ya pili wazee wa kanisa walikuja kumwombea. Siku ya tatu alianza, akasema, "Baba Wakesho, lile koti," na Silvanus akamkatiza kwa ghadhabu ambayo hakuwahi kuiona kwake.

"Lile koti! Daktari ameniambia. Yule mzee alinishika bega hili, akanitajia sponji, na mimi mjinga sikupapasa. Nilimwamini. Nimesimama josho miaka kumi na mmoja, Tryphena. Miaka kumi na mmoja nikingoja ile pikipiki, na mtu ananiuzia gunia!"

Alilia. Tryphena hakuwahi kumwona akilia. Alimfuta uso kwa ncha ya leso, na maneno aliyokuwa ameyaandaa yakarudi yalikotoka, yakakaa huko.

Silvanus alirudi nyumbani na plasta kuanzia kwapani mpaka vidoleni. Kimto hakikumtoka. Alilala nacho, alikula nacho mezani, na mtu akiketi karibu alimwonyesha: "Huyu mke wangu anajua kutengeneza kitu. Kigumu kidogo, lakini mkono unatulia." Tryphena alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha mbao kitupu, akishona mgongo umepinda. Mara mbili alijaribu kukibadilisha kwa mto wa sufi. Mara zote mbili alikirudisha, kwa sababu Silvanus aliulalamikia ule wa sufi kwamba unazama.

Kisha barua ya bwana mkubwa ikaja. Ilitaka maelezo kwa maandishi, kwa nini mtumishi alivaa koti lisilo na kinga, na ilisema kwamba kwa wakati huu asubiri nyumbani. Silvanus alimsomesha Tryphena barua hiyo mara tatu. Ya tatu alisimama.

"Nipe hilo koti. Twende kwa Mwinyihaji."

"Baba Wakesho, tuache. Tumwachie Mungu."

"Mungu hakuniuzia koti."

Dukani kulikuwa na watu sita au saba, akina mama wakichambua mafungu ya nguo. Tryphena aliwajua karibu wote. Silvanus hakusalimu. Alilitupa koti juu ya meza, mbele ya mzee wa miaka sitini aliyekuwa akimwita daktari.

"Sponji ziko wapi, mzee? Nionyeshe. Ulinishika hapa, ukaniambia nitainuka nijipanguse vumbi. Nionyeshe mbele ya hawa."

"Pole, mwanangu. Nimesikia habari zako, nimesikitika sana," Mwinyihaji alisema. "Lakini wallahi sponji zilikuwamo. Nilizishika kwa mkono huu."

"Mkono huo ni wa mwizi!"

Akina mama waliacha kuchambua. Mmoja alisema "Lo!" Mwinyihaji alivaa miwani yake, akaliburuta koti karibu, akaligeuza nje ndani kwenye bega. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono, taratibu, mpaka mwisho, kidole kikasimama. Sindano ilikuwa imerudi mara tatu. Tryphena ndiye aliyemshonea Mwanaesha, mke wa mzee huyo, magauni ya Idi miaka minne mfululizo, na Mwinyihaji alikuwa mtu wa nguo.

Aliinua macho, akamtazama Tryphena juu ya miwani. Hakumtazama kwa muda mrefu. Tryphena alishika ukingo wa meza.

"Kweli, bwana," Mwinyihaji alisema. "Sponji hazimo. Duka ni langu, basi kosa ni langu."

"Mmesikia?" Silvanus aliwageukia watu. "Mmesikia wenyewe!"

Mzee alifungua sanduku, akatoa noti mbili za shilingi ishirini, akazinyoosha. Silvanus alitaka kuzichukua, na mkono ukagonga meza ndani ya plasta yake. Ule wa kushoto ulikuwa umeshika kanda iliyofunga plasta shingoni. Noti zilining'inia hewani, watu wanatazama.

"Pokea wewe," Silvanus alimwambia mkewe.

Tryphena alizipokea. Akasema "Asante." Silvanus alikwisha kutoka nje. Tryphena aliposhika koti amfuate, Mwinyihaji aliinama kana kwamba anaokota kitu.

"Mzee wangu..." Tryphena alianza.

"Nenda, bibie," alisema kwa sauti ya chini. "Amekwisha kupoteza mkono. Asipoteze na nyumba. Nenda, asikuone umesimama hapa."

Tangu siku ile wanunuzi wa Mwinyihaji walianza kupapasa kila nguo na kumwuliza kama kilichomo kimo. Tryphena aliyasikia hayo kisimani, kwa wanawake wale wale. Noti mbili alizitia chini ya sahani kabatini, hakuthubutu kuzinunulia hata chumvi.

Danson, bwana mifugo mpya, alikuja Alhamisi, saa tatu asubuhi, na barua iliyosema akabidhiwe pikipiki. Alikuwa kijana wa Kikamba, mwenye heshima, ametoka kazini Limuru kwenye baridi na sweta lake la sufi, na jasho lilikuwa tayari linamtiririka. Alisimama mlangoni mpaka akaribishwe, akakaa ukingoni mwa kiti, akanywa chai kwa shukrani. Hata nafasi ya kuchukiwa hakuitoa.

"Mzee, mimi sikuomba kuja huku," alisema. "Nimeletwa."

"Najua," Silvanus alisema. Mkono wake ulikuwa mezani, juu ya kimto. "Tryphena, mpe ufunguo."

Tryphena alimpa ufunguo. Danson aliutia mfukoni, akakohoa.

"Na tena, mzee, nasikia kuna koti. Bwana mkubwa amesema bila koti nisipande, na mshahara bado. Ati ilikuwa nyepesi, inafaa joto ya hapa. Hata kama imechanika, mimi nitavaa tu."

Silvanus alicheka bila furaha. "Ile? Chukua. Iko hapo kwa msumari. Haina faida, lakini bwana mkubwa ataiona, na hiyo ndiyo anataka. Mama, mpe."

Tryphena alikwenda ukutani. Alikuwa amelifua, damu imetoka, kiwiko amekitia kiraka. Alilishika. Danson alisimama, akageuka, akanyoosha mikono nyuma apate kuvalishwa. Alikuwa na viwiko vyembamba. Pengine alikuwa na mama yake mahali, au mke, mtu wa kumhangaikia kifua.

"Kaa kwanza," Tryphena alimwambia.

"Mama?"

"Kaa, mwanangu. Halijawa tayari."

Alikwenda mezani. Aliuinua mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili, kwa uangalifu, akakitoa kimto, akaulaza mkono juu ya mbao tupu. Silvanus aliguna kwa maumivu.

"Nini sasa? Kirudishe."

Hakukirudisha. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, akashika mkasi, akafumua kitambaa cha maua upande mmoja. Vipande vinne vya sponji vilimwangukia mapajani, viwili vimepinda kwa umbo la bega, viwili kwa umbo la kiwiko. Nje, watoto walikuwa wamekwisha kuizunguka pikipiki na kuigusagusa.

Tryphena aliligeuza koti, akakitafuta kiwiko cha kulia, akakiingiza kipande mahali pake. Kilikaa sawasawa. Alijaribu kutia uzi kwenye sindano. Alijaribu tena. Uzi ulikataa, vidole vilikuwa vinamtetemeka, na machozi yalimfanya aone sindano mbili.

Danson alimwangalia mke, akamwangalia mume, hakuelewa, akatazama chini.

Silvanus alikuwa akizitazama zile sponji. Alizitazama muda mrefu, moja moja, akipapasa plasta yake kwa mkono wa kushoto, pale penye kiwiko. Hatimaye aliunyoosha ule mkono wa kushoto juu ya meza, kiganja wazi.

"Lete hiyo sindano nikushikie," alisema. "Mimi huu mmoja hautetemeki."